Uhuru ilirushwa karibu na Malindi

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu maada ya giza ni nzuri, ila umeruka sehemu inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani, wenye setilaiti hiyo, wakaiita Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei kutoka eneo pana.

Chukua mfano wa M87, galaksi duaradufu kubwa upande wa nyota za Mashuke. Gesi yake inayotoa eksirei ina joto la mamilioni ya digrii. Kwa kasi ya chembe zake ingekwisha kutawanyika zamani, maana uvutano wa nyota zinazoonekana hautoshi kuizuia. Wanafalaki hupima joto na msongamano wa gesi hiyo kutoka kitovuni hadi pembeni, kisha hukokotoa masi yote, na sehemu kubwa ni maada ya giza. Huu ni ushahidi mzito, nawe umeupa sentensi moja tu!

Walimu wa fizikia huku kwetu Mkalama walichukue hili darasani. Mwezi Mei, jioni, Mashuke huwa juu sana.

Msomaji, Iguguno, Singida