Mkanda wa kahawia, viatu vyeusi: kosa liko wapi?

Miongoni mwa wanaume wa mijini kuna imani iliyogeuka sheria: mtanashati ni yule anayemechisha. Mkanda ufuate viatu, viatu vifuate mkanda wa saa, na akiweza, hata soksi zifuate shati. Anayekwenda kinyume anaambiwa hajui kuvaa, tena anaambiwa mbele za watu. Imani hii ni ya uongo, na wanaoumia kwayo ni vijana wenye kipato kidogo.

Tuanze na rangi yenyewe. Katika miaka ya 1820, mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alisimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika karakana za Gobelins jijini Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za pale hazikolei zikifumwa karibu na bluu au zambarau. Chevreul akachunguza, akakuta weusi hauna kasoro. Rangi za jirani ndizo zilizoufanya uonekane umefifia. Kitabu chake cha mwaka 1839 kilieleza jambo hilo kwa kirefu: jicho huisoma rangi pamoja na ile iliyo ubavuni mwake.

Sasa chukua shati jeusi la pamba, ulichomekee kwenye suruali nyeusi ya polista. Pamba na polista hazitiwi rangi kwa dawa zilezile, wala hazipauki kwa kasi moja. Baada ya kufuliwa na kuanikwa juani mara kadhaa, shati limeelekea kijivu na suruali bado inang'aa. Kila moja ingevaliwa na rangi nyingine, hakuna ambaye angegundua. Zikikutanishwa kiunoni, tofauti inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Anayetafuta mfanano kamili ndiye anayeianika kasoro.

Taa nazo zina yao. Dukani Kariakoo, ndani kabisa kwenye korido zisizofikiwa na jua, muuzaji atakushikisha mkanda karibu na kiatu: "Hii hii, kaka, imeendana kabisa." Chini ya taa ile, kweli zimeendana. Ukitoka nje, moja ina wekundu na nyingine ina umanjano, kwa sababu rangi mbili zilizochanganywa kwa dawa tofauti zinaweza kulingana kwenye mwanga mmoja na kuachana kwenye mwingine. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huibeba nguo hadi mlangoni kabla ya kulipa.

Wanaosema kumechisha ndiyo heshima ya mwanaume waangalie mavazi ya mzee wa pwani siku ya Ijumaa. Kanzu nyeupe. Kofia iliyodariziwa kwa uzi wa kahawia au wa dhahabu. Koti jeusi au la kijivu juu yake, na chini makubadhi ya ngozi. Hakuna kipande kinachoifuata rangi ya kingine, na hakuna mtu Zanzibar, Lamu wala Mombasa atakayethubutu kusema mzee yule hakuvaa. Uzuri wake unatokana na weupe kukutana na giza la koti, pasi iliyonyooka, na kazi ya mkono kwenye kofia.

Sheria ya kiatu na mkanda tumeipokea pamoja na suti ya Kiingereza, na huko ilikotoka, rangi ya kiatu imetumika kuwafungia watu milango. Mwaka 2016 tume ya Uingereza inayofuatilia fursa za watu wa tabaka la chini ilitoa ripoti kuhusu ajira katika benki za uwekezaji. Ilieleza kwamba kuvaa viatu vya kahawia na suti kungeweza kumwangusha mwombaji kazi, kwa kuwa watoto wa familia za kawaida hawakuwa wamefundishwa kanuni hiyo nyumbani. Hilo ndilo tunaloliiga tunapomcheka kijana kwa sababu ya mkanda.

Na kijana huyo anavaa nini? Kwa wengi ni mtumba wa masoko ya Karume, Gikomba au Owino. Mtumba hauji kwa seti. Unafungua belo, unapata shati zuri sana la damu ya mzee, moja tu, na suruali ya kaki kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Kumwambia mvaaji wa mtumba amechishe ni kumwambia anunue kiatu cha pili, mkanda wa pili na saa ya pili kwa fedha za nauli na kodi ya chumba. Akishindwa, tunamhesabia uzembe.

Sikatai kwamba suti ina sharti lake. Koti na suruali vikatwe kwenye jora moja, maana vilitiwa rangi pamoja na vitapauka pamoja. Basi na vifuliwe pamoja pia. Nje ya hapo, mtu ajali zaidi nguo imkae mwilini, shati la rangi nyepesi lipate suruali iliyokoza au kinyume chake, na kola iwe safi.

Kwa hiyo kijana mwenye usaili Jumatatu, mwenye viatu vyeusi na mkanda wa kahawia, asikope fedha za mkanda mwingine. Apige viatu kiwi, anyooshe shati, aende. Nanyi mtakaokaa upande wa pili wa meza, muulizeni kuhusu kazi.