Nauli ya Likizo ya Mwalimu Siyo Hisani ya Mkurugenzi

Kila Desemba shule zikifungwa utasikia mtaani: "Walimu raha tu, mwezi mzima wanakula mshahara wa bure." Hata sisi vijana wa upinzani wapo wanaosema hivyo. Makamanda, leo tuuangalie huo mwezi wa raha, na tuuangalie tukiwa Usevya, siyo Dar.

Usevya iko Mpimbwe, mkoani Katavi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa kazi huko, kwao Tanga au Kilimanjaro, akitaka kuwaona wazazi lazima kwanza afike Mpanda: anapita Kibaoni, anakatisha Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ndipo atafute basi au treni ya Tabora. Na hapo safari yenyewe bado mbichi. Akiwa na mwenza na watoto watatu, kwenda na kurudi ni nauli za watu watano mara mbili. Piga hesabu mwenyewe kwa mshahara wa mwalimu wa msingi.

Sheria ililiona hilo zamani. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinamtaka mwajiri amlipie mtumishi nauli ya likizo, yeye na familia yake, kila baada ya miaka miwili. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kinatoa siku 28 za likizo yenye malipo, na kinamkataza mwajiri kumfanyisha kazi mtu aliye likizo. Kwenye karatasi mambo safi kabisa.

Sasa njoo kwenye uhalisia. Shule imefungwa, lakini uandikishaji wa darasa la kwanza unaendelea, na anayeandikisha ni mwalimu. Halafu kuna ujenzi. Mwaka 2021 serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa UVIKO-19, iliamua kujenga madarasa 15,000, yakiwemo 3,000 ya shule shikizi, yawe tayari wanafunzi wakifungua Januari 2022. Kwa utaratibu wa fosi akaunti hakuna mkandarasi. Kuna fundi wa mtaani na kamati ya shule, na katibu wa kamati ni mwalimu mkuu. Ndiye anahesabu mifuko ya saruji, ndiye anapokea mchanga, ndiye anaulizwa bati zimefikia wapi. Madarasa tuliyahitaji, hakuna anayepinga. Tunachouliza ni nani alimrudishia mwalimu yule siku zake za likizo.

Na Katavi, Desemba mvua zimeshashika. Watu wako shambani, mahindi na mpunga. Mwalimu naye analima, maana mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Akisafiri, msimu umempita. Akibaki, mama yake mzee anamsikia kwenye simu tu.

Mimi nimelelewa na mwalimu, mkoa mwingine. Najua dai la nauli linavyojibiwa. Mwaka wa kwanza: "Subirini, hela haijaingia." Mwaka wa pili: "Mmeshaingizwa kwenye orodha ya madai." Mwaka mmoja mama alikopa kwa hawa tunaowaita kausha damu, akaacha kadi ya benki, ili tufike kwa bibi Krismasi. Pasaka ilitukuta bado tunalipa.

Watetezi wa serikali watasema ualimu ni wito. Sawa, lakini konda wa basi hapokei wito.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Mwalimu anamdai mkurugenzi wa halmashauri. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, na mkurugenzi huyo huyo ndiye amekuwa akisimamia uchaguzi. Mei 2019, kwenye kesi ya Bob Chacha Wangwe, Mahakama Kuu ilisema vifungu vilivyoruhusu jambo hilo vinakiuka Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Sasa mwalimu anayedai nauli ya miaka minne, akipangwa kituo cha kura na mtu anayeshikilia faili la madai yake, atapata wapi ubavu wa kukataa agizo baya? Simtetei aliyechezea kura. Nasema haki ikishageuzwa hisani, anayeipewa lazima anyenyekee.

Wala tusidanganyane kwamba dawa ni kupata mkubwa wa kwetu. CWT ilipogoma tarehe 30 Julai 2012, moja ya madai ilikuwa posho ya asilimia 30 kwa wanaofundisha mazingira magumu. Siku chache baadaye mahakama ikaamuru walimu warudi darasani. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Mizengo Pinda, mtoto wa Kibaoni, jirani kabisa na Usevya.

Nini kifanyike? Kwanza, chama chetu kiandike kwenye ilani kwamba nauli ya likizo italipwa na Hazina moja kwa moja, pamoja na mshahara wa Novemba wa mwaka husika, isipitie mezani kwa mkurugenzi. Ikichelewa, izae riba kama deni lingine lolote. Pili, diwani yeyote, awe wetu au wa CCM, aulizwe kwenye mkutano wa hadhara: halmashauri inadaiwa kiasi gani na walimu? Tatu, CWT inayokata asilimia 2 ya mshahara kila mwezi ieleze imefuatilia madai mangapi.

Na wewe kijana wa kata una kazi yako. Mwalimu wengi wao hawana hata nakala ya walichodai. Desemba hii ukikutana na mwalimu, acha kumuuliza anakula raha wapi. Muulize anadai nini na tangu lini, kisha mkae mwandike barua: tarehe ya likizo iliyoidhinishwa, majina ya familia, kiasi cha nauli. Moja ipelekwe kwa mwajiri, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, abaki nayo.

Mwandishi ni mwanafunzi wa sheria.