Kuzungushwa Juu ya Mbuga Sio Kujaribu Ndege

Wasee, hii wacha tuseme wazi. Ukipanda ndege ya mtu anayetaka kukuuzia, na yeye ndiye amechagua siku, amechagua saa, amechagua rubani na amechagua mtazunguka wapi, hujajaribu ndege. Umeonyeshwa tangazo. Tofauti ni kwamba hili tangazo umekaa ndani yake na umefungwa mshipi.

Najua kuna mtu ameshacheka: ndege? Sisi? Unga wenyewe tunahesabu. Lakini wanaonunua hizi ndege ndogo sio matajiri wa helikopta pekee. Wengi ni vijana wa rika letu waliopata leseni ya urubani binafsi pale Wilson, halafu wakagundua kwamba leseni ya biashara, ile ya kukuwezesha kulipwa, kwa kawaida inadai saa 200 hewani. Kukodi ndege kwa saa kunamaliza mtu. Kwa hivyo wanne au watano wanaunda chama, wanachanga, wanatafuta Cessna 172 ya zamani waitumie kukusanya saa. Ndani ya hizo pesa kuna ploti ya mzazi, kuna mkopo wa sacco, kuna akiba ya shangazi aliye ng'ambo.

Na naposema ya zamani namaanisha ya zamani kweli. Cessna ilianza kuuza 172 mwaka wa 1956, na zaidi ya 44,000 zimeundwa, hakuna ndege nyingine iliyoundwa kwa wingi hivyo. Lakini kiwanda kilisimamisha uundaji mwaka wa 1986, kikarudi miaka kumi baadaye. Hizo za baada ya kurudi bei yake haishikiki. Kwa hivyo ile chama inaweza kumudu ni ya miaka ya sabini, mara mbili ya umri wa mtu anayeinunua. Hiyo sio shida yenyewe. Ndege iliyotunzwa inazeeka vizuri kuliko gari. Shida ni kwamba huwezi kujua kama imetunzwa kwa kuangalia rangi.

Msimamo wangu ni huu: safari ya majaribio ipangwe na mnunuzi, ilipiwe na mnunuzi, na isahihishwe na mtu asiyepata hata shilingi moja ndege ikiuzwa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hata mimi najua mtahiniwa hajisahihishii karatasi.

Angalia vile muuzaji mjanja anavyokupendezesha, bila kuvunja sheria yoyote. Anakuambia ufike saa moja asubuhi. Unapata injini imeshawashwa, "tumeipasha kidogo tu." Mnaingia wawili, wewe na rubani wake. Tanki iko nusu. Ndege inaruka kama swala, mnapita juu ya Mbuga ya Nairobi, unaonyeshwa twiga, unapiga picha, dakika ishirini mmeshuka. Unarudi kwa chama ukisema, "Manze, iko fiti."

Sasa tuhesabu. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000 unazopanda. Injini ya nguvu ya farasi 160 ukiwa Wilson imeshapoteza kama moja ya sita kabla hujaachilia breki. Halafu joto likipanda, hewa inakuwa nyepesi zaidi. Mchana wa nyuzi 26, ndege iliyosimama Wilson inajihisi kama iko juu ya futi 8,000. Kwa hivyo ile swala ya saa moja asubuhi inaweza kuwa kobe saa nane mchana, na ni ndege ileile.

Na hii ndiyo sababu ndege iliyoko Pwani isikudanganye. Ukunda iko karibu kabisa na usawa wa bahari. Ukiijaribu huko injini inapumua vizuri, inapanda bila kulalamika. Ukiileta Wilson, au Nanyuki ambako ni juu zaidi, utafikiri umeletewa nyingine. Jaribu ndege mahali utakapoitumia, saa utakazoitumia. Kama hilo haliwezekani, basi rubani wako afungue kitabu cha hiyo ndege, asome inapaswa kupanda futi ngapi kwa dakika katika joto na urefu wa siku hiyo, alinganishe na saa za mbele yake. Kitabu hakibembelezwi.

Uzito pia. Viti vinne sio watu wanne. 172N, ile ya 1977 hadi 1980, mwisho wake wa kupaa ni kama kilo 1,043 kila kitu kikiwa ndani. Ukijaza tanki, watu wazima wanne wa kilo themanini themanini kwa kawaida hawatoshei. Kwa hivyo jaribu na mzigo unaofanana na ule utakaobeba kweli, ndani ya kikomo kilichoandikwa. Ukijaribu ukiwa mwepesi, umejaribu ndege ambayo hutakuja kuirusha.

Kuhusu injini iliyopashwa: yeyote aliyewahi kununua Probox ya mkono wa pili anajua hii mbinu. Injini ya moto huficha mengi. Waambie mapema wasiiwashe siku hiyo kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka mkono juu ya kifuniko cha injini. Kama ina joto, uliza kwa nini, na urudi siku nyingine.

Lakini hata kabla ya kuwasha chochote kuna mpangilio, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Wanaruka kwanza, wanapenda, halafu karatasi zinakuja baadaye kama harusi ya haraka. Anza na makaratasi. Soma vitabu vya kumbukumbu vya ndege, vya injini na vya propela, kuanzia mwanzo. Injini ina saa ngapi tangu ifunguliwe yote? Lycoming nyingi za aina hii zimewekewa pendekezo la saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Watu husoma saa na kusahau miaka. Ndege iliyoruka saa mia tatu pekee kwa miaka kumi na tano sio bikira, ni mgonjwa aliyelala. Injini ikikaa bila kazi, unyevu unakula kamshafti kwa ndani, mahali ambapo macho hayafiki. Na kama ni hiyo 172N, mwambie fundi wako aangalie kama injini yake ni ile O-320-H2AD, kwa sababu ilijulikana kwa kuchakaa hapo hapo kwenye kamshafti.

Pili, fundi wako aikague chini. Nimesema wako. Yule ambaye amekuwa akiihudumia hiyo ndege miaka yote anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini atasahihisha kazi yake mwenyewe. Fundi mwenye leseni afungue vifuniko, atafute kutu, atafute ribiti mpya katikati ya ribiti za zamani maana hapo kuna hadithi, apime kompresheni ya kila silinda. Hesabu yake huandikwa kama 74/80, na asiyeelewa aelezwe hapo hapo. Ahakikishe pia yale maagizo ya lazima ya usalama yametekelezwa na kusainiwa.

Tatu ndiyo sasa mruke. Mpangilio huu unafuata akili ya kawaida. Ukianza na angani, unaweka mwili wako kwenye mashine ambayo hakuna mtu wako ameiangalia. Haya mambo ya ndege hayana "nitashuka stejini."

Nani ashike usukani? Tafuta mwalimu wa urubani mwenye saa nyingi kwenye aina hiyo ya ndege, umlipe wewe. Kabla ya siku yenyewe, pata majibu mawili kwa maandishi: cheti cha ndege kufaa kuruka bado kiko hai? Na bima ya mwenye ndege inamkubali huyu rubani kwa jina lake? Sera nyingi za bima hutaja nani anaruhusiwa na awe na saa ngapi. Ajali ikitokea na jina lake halimo, mtabaki na vyuma na kesi.

Mkiwa hewani, saa moja kamili, sio dakika ishirini za twiga. Kabla ya kuondoka rubani ajaribu magneto moja moja. Kwenye 172N kitabu kinaruhusu mizunguko ishuke isizidi 125. Mkipanda, atazame joto na shinikizo la oili, kwa sababu injini huumia zaidi wakati wa kupanda. Mkisawazisha, aachie mikono aone kama ndege inaenda moja kwa moja au inavuta upande mmoja kama gari lililogongwa. Ashushe flapu hatua kwa hatua. Ajaribu redio zote, hata ile ya pili ambayo "huwa hatuitumii." Akiwa na urefu wa kutosha, apunguze mwendo hadi bawa likatae kubeba, aone kama linaangukia upande mmoja. Hiyo ni kazi ya mwalimu, wewe kaa mikono mapajani. Mkitua, sikiliza tairi la mbele: likitetemeka kama toroli la Gikomba, andika. Mkishuka, fundi akate chujio cha oili atafute chembe za chuma. Hapo ndipo injini husema ukweli.

Sasa nimtetee muuzaji, maana nao wanateswa. Kuna watu hawana hata mpango wa kununua, wanataka tu picha za kuruka bure. Ndege kama hii inakunywa kama lita 30 hadi 35 kwa saa, na petroli ya ndege sio ya boda. Kwa hivyo muuzaji akikuambia hapeperushi watu bure, yuko sawa kabisa. Lipia mafuta na saa za ndege. Weka amana kwa wakili, mwandikiane kwamba itarudi fundi akipata kasoro fulani. Mnunuzi anayelipa anaheshimiwa, na zaidi ya hapo, ana haki ya kusema "hapana, saa nane mchana." Mgeni wa bure hachagui chakula.

Kile sikubali ni ile hoja ya "ndege imekaguliwa tayari, kuruka ni kupoteza mafuta." Ukaguzi wa chini haukuonyeshi joto la injini ikipanda, wala mtetemo, wala kifaa kinachokufa baada ya nusu saa. Na kuruka hakukuonyeshi kutu ndani ya bawa. Ni mitihani miwili, na lazima upite yote.

Nigeuke kwa sisi wa kamera, maana hapa ndipo panaponiuma. Mapema mwaka huu nilipigiwa simu nirekodi ndege inayouzwa. Kazi ilikuwa nyepesi: droni, muziki, mimi nikishuka nikitabasamu nikisema "smuudhi sana." Nikauliza kama naweza kuonyesha vitabu vya injini. Nikaambiwa hiyo itaboesha watu. Kazi nikaiacha, na pesa ilikuwa nzuri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kinajitembeza na droni.

Sisemi kila ndege yenye video nzuri ni mbovu. Nasema video yangu sio ushahidi. Wafuasi wangu sio vyeti. Tukikosea kusifu simu, mtu anapoteza shilingi elfu ishirini. Tukikosea kusifu ndege, kuna watu wanne ndani na watu wengine chini, na Wilson imezungukwa na Lang'ata na Kibera, sio na bahari.

Kwa hivyo kama chama chenu kinatafuta ndege, tengeni pesa ya fundi, ya mwalimu na ya mafuta kabla hamjapanga bei. Tengeni ya kukagua hata ndege mbili, kwa sababu ya kwanza inawezekana mkaikataa, na hiyo pesa haitakuwa imepotea. Na muuzaji akikataa fundi wenu, akakataa saa nane mchana, akakataa rubani wenu, msibishane naye. Mshukuruni kwa chai, mchukue matatu mrudi nyumbani. Ameshawajibu.