Baada ya Jiwe: Ombi la Mshabiki wa Riwaya za Mfululizo

Miongoni mwetu sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kuna vitabu tunavyovitaja darasani na vitabu tunavyovisoma usiku. Vya kwanza tunavinukuu katika tasnifu. Vya pili tunavificha chini ya mto. Makala haya yanahusu vitabu vya aina hiyo ya pili. Nanuia kueleza kwa nini navipenda, kisha nitoe hoja kwamba mapenzi hayo yanaidai fasihi yetu deni ambalo bado haijalilipa.

Vitabu vyenyewe ni mfululizo wa Mercy Thompson, ulioandikwa na Patricia Briggs wa Marekani. Cha kwanza, Moon Called, kilitoka mwaka 2006. Cha 14, Winter Lost, kilitoka mwaka 2024, na kisa hakijafungwa. Mercy ni fundi wa magari ya Volkswagen katika miji mitatu iliyopakana kandokando ya Mto Columbia, jimbo la Washington. Anaweza kugeuka koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa mwitu lakini mdogo kuliko mbwa mwitu mwenyewe. Uwezo huo aliurithi kwa baba yake, aliyetokana na wenyeji wa asili wa Marekani. Amelelewa na watu wanaogeuka mbwa mwitu, na jirani yake, ambaye baadaye anakuwa mumewe, ndiye kiongozi wa kundi la watu hao katika miji hiyo.

Najua kwamba anayesikia muhtasari huu huenda akatabasamu. Namwomba avumilie. Kinachonivuta katika riwaya hizi ni jinsi maajabu yanavyolazimishwa kukaa na spana na grisi. Mtu anageuka mnyama usiku, na kulipopambazuka anarudi gereji kwa kuwa kuna mteja anayesubiri gari lake. Kiongozi wa kundi ana binti wa kumlea na biashara ya kuendesha. Mwandishi hampi mhusika wake nafasi ya kutoroka maisha ya kila siku. Anamwongezea tu mzigo mwingine juu ya ule tunaoubeba sote.

La pili ni mfululizo wenyewe, yaani uwezo wa kisa kukataa kwisha. Katika kitabu cha tatu, Iron Kissed (2008), Mercy anabakwa. Riwaya inayosimama peke yake ingeweza kumwadhibu mhalifu na kufunga jalada. Hapa mhalifu anaadhibiwa kweli, lakini kitabu kinachofuata, Bone Crossed (2009), kinamkuta Mercy akikabwa ghafla na hofu katika shughuli zake za kawaida. Msomaji aliyesubiri kitabu hicho alifunzwa kwamba jeraha la mtu halifungwi pamoja na kitabu. Sidhani kuna mbinu nyingine ya kibunilizi inayolifunza jambo hilo vizuri kuliko muda halisi unaopita kati ya kitabu na kitabu, msomaji akizeeka pamoja na mhusika.

La tatu, nalo ndilo linalonileta nyumbani, ni swali kuu la mfululizo huu. Katika ulimwengu wa Mercy, viumbe wa ajabu wa ngano za Ulaya wamekwisha kujitokeza hadharani na serikali imewatengea maeneo ya kuishi. Watu wanaogeuka mbwa mwitu nao wanajadiliana iwapo wajitokeze au waendelee kujificha. Swali la iwapo viumbe hao wapo limepitwa na wakati. Linaloulizwa ni namna ya kuishi nao mtaa mmoja, baada ya jirani kujua.

Mimi ni mtu wa Awasi, soko lililo kwenye barabara ya kutoka Kisumu kuelekea Kericho, katika uwanda wa Kano. Ukisimama hapo, nyuma yako kuna mashamba ya mpunga ya Ahero na mbele yako kuna miwa na milima ya Nandi. Sokoni utasikia Kijaluo na Kikalenjin, na wenye lugha hizo wanapouziana hukutana katika Kiswahili. Hapa ni nchi ya visakale. Mtoto wa Kano hulelewa na kisa cha Luanda Magere, shujaa wa vita vya Wajaluo na majirani wao wa milimani waliowaita Walang'o. Mwili wa Magere ulikuwa mgumu kama mwamba, mikuki haikumdhuru. Walang'o wakampa binti yao awe mkewe. Siku moja Magere aliugua, akamwomba mke huyo amchanje, na wembe ulipokataa kupenya akamwambia akichanje kivuli chake. Damu ikatoka. Binti akaikimbiza siri hiyo kwao, vita vikarudi, kivuli kikachomwa mkuki, na shujaa akaanguka akawa jiwe.

Hatuna kisa hicho kimoja tu. Kuna Nyamgondho wa Gwassi, mvuvi aliyetajirishwa na mwanamke aliyemnasa mtegoni ziwani. Alipomtukana, mwanamke alirudi majini, mifugo yote ikamfuata, na mume akasimama akitazama mpaka akageuka mti. Kuna Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kijiji kilichomnyima ajuza hifadhi na kikazama kikawa ziwa.

Tazameni visa hivi vinapoishia: jiwe, mti, ziwa. Mtu akishageuka, hadithi imekwisha. Kwa kisakale huo ni mwisho mwafaka, maana kazi ya kisakale ni kutuonyesha jiwe na kutueleza lilikotoka. Lakini yapo maswali ambayo kisakale hakiulizi. Yule binti wa Kilang'o aliporudi kwao, aliishije? Je, alipokewa kama shujaa, au alitazamwa kama mwanamke aliyelala na adui? Je, alimpenda mumewe? Upande wetu wa Kano tumemwita msaliti kwa vizazi, nasi hatujawahi kumpa hata sura moja. Riwaya ya mfululizo ingelazimika kumpa, kwa kuwa mfululizo huanzia pale ambapo kisakale hunyamaza.

Tusidhani kwamba swali hili ni la starehe ya wasomaji tu. Ukanda wetu una mhusika anayegeuka ambaye hajawa jiwe: ni yule Wajaluo wamwitaye jajuok, mkimbiaji wa usiku. Inasemekana hukimbia uchi gizani, hurusha mchanga na mawe juu ya mapaa, na kwamba wengine hufuga chui au kiboko. Mchana tunamfanyia mzaha. Wachekeshaji wamejipatia riziki kwa jina lake. Usiku mzaha huo hugeuka. Anayeshukiwa huweza kupigwa, kufukuzwa, hata kuuawa. Mnamo Mei 2008, katika eneo la Kisii lililo jirani yetu, watu 11 waliteketezwa hadi kufa kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake wazee. Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa Marani, katika eneo lilo hilo, kwa shutuma kama hizo. Kule Kilifi, mzee mwenye mvi huogopa mvi zake mwenyewe. Huko Singida, Tanganyika, katika miaka ya 1940, mauaji yaliyohusishwa na "watu-simba" yaliishia mahakamani na kwenye kitanzi.

Fasihi haiwezi kuzuia kiberiti mkononi mwa umati. Hata hivyo, inaweza kumpa mshukiwa asubuhi yake. Jajuok wa masimulizi yetu hana asubuhi. Yupo usiku tu, mgongo wake ukitoweka gizani. Hebu tumfikirie akiwa karani wa ghala la mpunga Ahero, au mwendeshaji wa bodaboda anayesubiri abiria Awasi, mwenye mke asiyejua na mama anayejua. Kitabu cha kwanza kimfichue. Cha pili kionyeshe wateja wake wakipungua. Cha tatu kituonyeshe ni jirani gani alisimama mlangoni pake siku umati ulipokuja. Msomaji aliyeishi naye miaka mitatu hatawasikiliza tena wapigao kelele za "mchawi!" kwa sikio lile lile.

Je, Kiswahili kina uwezo wa kuibeba kazi hiyo? Kinao, na tena kimekuwa nao kwa muda mrefu, ila katika mikono miwili isiyoshikana. Mkono wa kwanza ni mfululizo. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), akamrudisha katika Kisima cha Giningi (1968) na vitabu vilivyofuata. Elvis Musiba alimtuma Willy Gamba kazini tangu Kufa na Kupona (1974), naye Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Wahusika hawa walisubiriwa kama wageni wanaopendwa. Lakini wote ni wapelelezi. Bwana Msa anaingia penye mzimu ili athibitishe kwamba nyuma ya mzimu yupo binadamu mwenye hila. Ilikuwa kazi njema. Swali la kuishi na mzimu, hata hivyo, lilibaki nje ya mlango.

Mkono wa pili ni maajabu. Tunayo tangu ngano za paka wa Sultani Majinuni aliyekua akawa nunda mla watu, ngano iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870. Katika riwaya tuna Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o (1977), ambamo uchawi ni urithi unaomwangamiza mrithi, Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002). Tumeziandikia tasnifu, na zinastahili. Lakini katika nyingi za riwaya hizi mpya maajabu yamebebeshwa jukumu la istiari: mzuka ni dhamiri ya taifa, safari ni falsafa. Ni nadra mzuka kupewa kodi ya nyumba.

Mikono hii haikushikana, na nadhani sababu mojawapo ni soko. Nchini Kenya riwaya ya Kiswahili huandikwa jicho moja likiitazama orodha ya vitabu teule. Kitabu teule ni kimoja, hujibiwa maswali ya mtihani, kisha hufungwa. Hakuna mchapishaji atakayeharakisha juzuu ya pili ya kitabu ambacho mwanafunzi ataachana nacho akitoka chumba cha mtihani. Ilhali kiu ipo. Magazeti ya burudani ya Tanzania yaliyochapisha hadithi za Eric Shigongo kwa sehemu yalionyesha kwamba msomaji wa Kiswahili yu tayari kurudi wiki baada ya wiki kutafuta kilichompata mhusika.

Yumkini nitapingwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba naleta mbwa mwitu wa kigeni Kano. La hasha. Mbwa mwitu abaki kwao. Uwandani kwetu kuna fisi, chui na kiboko, na wanatosha. Ninachotaka kuazima ni umbo, kama Abdulla alivyoazima umbo la hadithi ya upelelezi na kulivisha kanzu ya Kiunguja. Ya pili ni kwamba riwaya za namna hii zitachochea ushirikina. Hoja hii ni nzito zaidi, na siwezi kuipuuza, maana mwandishi mvivu ataligeuza giza kuwa pambo na kuwaacha wasomaji na hofu ile ile waliyokuja nayo. Lakini kukaa kimya hakujaupunguza ushirikina. Kimya chetu kimeuachia uwanja wa kusimulia wale wanaosimulia kwa mawe.

Wala sisemi kwamba Briggs ni kigezo kisicho na doa. Kundi lake la mbwa mwitu linatawaliwa kwa nguvu, na cheo cha mwanamke humo hufuata cha mumewe. Mercy analipigia kelele jambo hilo, lakini mwandishi mwenyewe mara nyingine huonekana kuufurahia ubabe anaoukosoa. Tena vitabu 14 ni vingi, na yapo mapigano yanayofanana. Mshabiki mwaminifu huyaona hayo na kuendelea kusoma, kama tunavyoendelea kuwatembelea jamaa zetu tukizijua kasoro zao.

Ombi langu basi ni dogo. Wahadhiri wetu waruhusu tasnifu za fasihi pendwa zisihesabiwe kuwa za daraja la chini, na mfululizo ujadiliwe kama umbo lenye kanuni zake. Wanafunzi wenzangu wanaokusanya fasihi simulizi nyanjani wasiishie kuuliza "ilikuwaje akawa jiwe?", wamwulize fanani pia nani alibaki hai na aliishije. Na jarida hili litenge kurasa chache katika kila toleo kwa sura moja ya hadithi inayoendelea, iandikwe na mwanafunzi yeyote wa chuo chochote, mradi mhusika wake arudi toleo linalofuata akiwa na jeraha lile lile. Ikiwa hapatatokea wa kuianza, mimi nitaanza na binti wa Kilang'o, jioni ya siku aliyofika kwao akihema, mama yake akimuuliza kwa nini analia ilhali vita vimeshindwa.