Kabla ya kufomati, tuulize draiva ziko wapi



Leo tunaongea juu ya zile kompyuta nzee tulizo nazo nyumbani, zile ambazo watu wanaziita takataka. Sisi tunasema si takataka. Shida ni vile tunavyozitengeneza.

Tuna laptopu moja ambayo nyumba kama nne tunaitumia pamoja. Ilianza kuwa nzito, tukaipeleka mjini Arua kwa fundi. Akaifomati, akaweka Windows 10 upya, tukalipa. Kufika nyumbani, Wi-Fi hakuna, sauti hakuna. Tukarudi, hela ya boda tena. Akatuambia kadi ya Wi-Fi imekufa, tununue nyingine. Wakati huo dada mmoja kati yetu alikuwa anangoja kutuma fomu ya skolashipu, na karatasi zake zote zilikuwa kwenye flashi. Tarehe ikapita.

Kumbe kadi ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni draiva. Si draiva wa gari, lakini kazi zao zinafanana: ni programu ndogo inayoiambia Windows namna ya kuendesha kifaa fulani. Ukifomati, draiva nazo zinafutika. Mara nyingi Windows inazipata yenyewe, lakini kwenye mashini nzee inaweza kushindwa.

Tulifanya hivi. Tulichomeka simu kwa waya wa USB, tukawasha sehemu ya kugawa intaneti, kompyuta ikapata mtandao bila Wi-Fi. Tukafungua Device Manager, tukaona alama ya mshangao ya njano. Tukabonyeza kifaa hicho, tukaingia Properties, Details, halafu Hardware Ids. Hapo kuna namba za VEN na DEV: ya kwanza ni ya kampuni iliyotengeneza kifaa, ya pili ni ya kifaa chenyewe. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek. Kwa namba hizo tukatafuta draiva kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu. Ya Windows 10 haikuwepo, tukajaribu ya Windows 7, ikakubali. Angalieni tu kama Windows yenu ni ya biti 64 au 32, maana draiva ya 32 haiingii kwenye 64. Na zile programu zinazojisifu kwamba zitarekebisha draiva zote kwa mara moja, achaneni nazo. Nyingi zinakula bando na kuomba pesa.

Kazi yote haikumaliza saa mbili. Lakini fomu ilikuwa imefungwa. Hiyo ndiyo inatuuma mpaka leo.

Kwa hiyo tunasema mambo mawili.

Kwetu vijana: msikubali mtu afomati kabla ya kuhifadhi draiva. Kwenye Windows 10, tengenezeni folda inayoitwa draiva kwenye flashi, fungueni Command Prompt kama administrator, andikeni: dism /online /export-driver /destination:D:\draiva (kama flashi yenu ni D). Basi. Halafu andikeni kwenye daftari modeli ya mashini na zile namba. Hapa hapa Kuluva, Daktari Ted Williams wa hospitali alikuwa anaandika kila mgonjwa wa saratani ya Burkitt, na rekodi za West Nile za 1961 hadi 1975 zikawasaidia watafiti wa dunia. Daftari si kitu kidogo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: asanteni kwa kompyuta mnazoleta. Lakini mkizifuta huko ofisini, tuleteeni na flashi ya draiva zake. Na badala ya semina ya siku moja kwa watu hamsini, fundisheni vijana wawili mpaka waive. Hao watabaki hapa wakati mradi umeisha.

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi nzee haziwezi kuingia Windows 11. Tumeanza kujaribu Linux Mint kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu. Draiva nyingi zinakuja ndani yake, ingawa Wi-Fi zingine za Broadcom bado zinasumbua.

Mwaka huu dada yetu ataomba tena. Safari hii, fomu isikwame kwa sababu ya draiva.