Kelele si Biashara

Mwenzetu ameandika kwamba kanuni za usafi, moshi na kelele ni njama ya kumkamua mchuuzi wa soko la Daraja Mbili mjini Kisii, Kenya, na kwamba soko bila makelele si soko. Hoja tamu, ila ameiandika akiwa mbali na spika.

Namuuliza: mama anayeuza mboga za managu na chinsaga, huku kushoto kwake spika ikinadi sumu ya panya na kulia mhubiri akikemea mapepo, anamsikia vipi mteja anayeuliza bei? Kelele hiyo haimletei mauzo, inamfukuzia. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinamkinga yeye kwanza. Kuhusu moshi, sheria ya tumbaku ya 2007 nayo inataja masoko waziwazi miongoni mwa mahali pasipovutwa sigara. Mtoto aliye mgongoni mwa mama huyo hawezi kuhama meza kuukwepa moshi.

Kwenye chakula nampa mwenzetu nusu ya haki. Muuza chai na chapati hudaiwa cheti cha afya kila miezi sita, na asipokuwa nacho sufuria yake huenda na askari. (Chapati zilizonaswa huishia wapi, sijapata kuelezwa.) Lakini muuza chai huyo ananawia wapi mikono? Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti leseni za wauza chakula, masoko na udhibiti wa kelele kwa pamoja. Basi anayekusanya ushuru asubuhi adaiwe mfereji, choo na jaa linalozolewa. Mwenzetu angeandika hayo, ningemuunga mkono. Yeye anataka kanuni zifutwe, kaunti ipumue.