Sifuri Si Jibu: Programu za Safari na Mtu Mwenye Baiskeli

Leo sina habari za simu mpya. Nina hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Uholanzi kwa wiki moja. Alhamisi nilikuwa huru, basi nikakodi baiskeli Amsterdam nikaelekea Utrecht kwa kufuata mto Vecht. Nikapita Weesp, kisha Breukelen (ndiyo, huko ndiko Brooklyn ya New York ilikopata jina), kisha Maarssen. Kule hakuna mlima, lakini upepo, jamani! Nilifika Utrecht saa kumi na robo jioni, miguu imekwisha. Mpango ulikuwa kurudi kwa treni, safari isiyofika nusu saa, na kurudisha baiskeli kabla duka halijafungwa saa kumi na mbili.

Programu ya safari kwenye simu yangu ilinionyesha treni moja baada ya nyingine. Nikachagua ya kwanza. Mfanyakazi wa kituo akatazama baiskeli, akatazama saa, akatikisa kichwa.

Kumbe kule, Jumatatu hadi Ijumaa, baiskeli ya kawaida hairuhusiwi kwenye treni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, wala kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni. Saa nyingine inaruhusiwa, ila ina tikiti yake. Ile ya kukunjwa inapanda bure wakati wowote. Wikendi, na miezi ya Julai na Agosti, masharti ya saa hayapo.

Sheria yenyewe siilaumu. Jioni treni zimejaa watu wanaotoka kazini, na Utrecht wamejenga maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya kituo ili watu waziache pale. Ninayoilaumu ni programu. Ilijua saa. Ilijua kituo. Haikuniuliza swali moja: una nini mkononi?

Tena msiniambie ni jambo gumu. Data nyingi za usafiri wa umma duniani huandikwa kwa muundo uitwao GTFS, uliozaliwa mwaka 2005 kwa ushirikiano wa Google na shirika la usafiri la mji wa Portland, Marekani. Ndani yake kuna sehemu iitwayo bikes_allowed. Ukiandika 1, baiskeli inaruhusiwa. Ukiandika 2, hairuhusiwi. Ukiandika 0, hakuna habari. Kila safari ya treni ina mstari wake, kwa hiyo ya saa kumi na robo inaweza kuwa 2 na ya saa moja usiku ikawa 1. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuandika kichujio hicho kabla chai haijapoa.

Tatizo ni ile sifuri. Sisi waandishi wa programu tunaikuta, tunanyamaza, na mtumiaji anausoma ukimya wetu kama "ndiyo". Huo ni uongo, hata kama hatukuandika neno.

Najua mtakalosema: mtumiaji asome masharti. Kweli, ningesoma. Lakini ni sisi tunaomwambia kila siku kwamba hana haja tena ya kusoma ratiba ukutani. Hatuwezi kupokea sifa za kujua kila kitu halafu tukakataa lawama.

Mtasema pia wenye baiskeli ni wachache. Haya, muundo huo huo una sehemu ya kiti cha magurudumu, yenye 0, 1 na 2 vilevile. Mimi nilikaa kituoni hadi saa kumi na mbili na nusu, nikakuta duka limefungwa, nikalipia siku ya pili. Maumivu yangu yaliishia mfukoni. Mtu wa kiti cha magurudumu akidanganywa na sifuri, anaachwa kituoni usiku.

Wala tusiseme ni mambo ya Ulaya. Mradi wa Digital Matatus, ambao Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na wenzao wa Marekani, ulitoa data za matatu za Nairobi kwa muundo huo huo mwaka 2014. Nasi ndio watu wa Busia, mpakani, ambako baiskeli ilizaa boda boda. Tunajua vizuri kwamba msafiri hutembea na mzigo wake.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika programu za safari: muulizeni mtu amebeba nini. Mkikuta 2, mwambieni aondoke saa ngapi. Mkikuta 0, andikeni kwa herufi kubwa: HATUJUI. Neno hilo moja lingenifanya nimuulize mtu wa kituo asubuhi, kabla sijapanda baiskeli.